Nyangumi, Punda na Samaki wa Dhahabu: Kesi za Wanyama Zilizovunja Rekodi Uingereza

Ndefu kuliko zote

Karatasi iliyogawiwa bure barabarani ndiyo iliyozaa kesi ya kashfa ndefu kuliko zote katika historia ya Uingereza. Mahakama ilikaa siku 313, kuanzia Juni 1994 hadi Desemba 1996, na hukumu ikatolewa Juni 1997 ikiwa na kurasa zaidi ya 700. Wapo wanaoihesabu kuwa ndefu kuliko kesi ya aina yoyote iliyowahi kusikilizwa nchini humo.

Kipeperushi chenyewe kilitolewa miaka ya 1980 na kikundi kidogo cha wanaharakati kilichojiita London Greenpeace, ambacho hakikuwa tawi la ile Greenpeace inayojulikana duniani. Kiliishutumu kampuni ya McDonald's kwa mengi: misitu kukatwa, chakula kisichojenga afya, mishahara kiduchu, matangazo ya kuwanasa watoto, na mateso ya wanyama. Mwaka 1990 kampuni iliwafungulia wanaharakati watano kesi ya kuchafuliwa jina. Watatu wakaomba radhi, yakaisha. Wawili, Helen Steel na Dave Morris, wakagoma. Fedha hawakuwa nazo, na sheria haikuruhusu serikali kumgharimia wakili mtu anayeshtakiwa kwa kashfa, kwa hiyo walisimama wenyewe kujitetea mbele ya mawakili wa bei mbaya. Mmoja wa mawakili vijana waliowapa ushauri bila malipo aliitwa Keir Starmer. Mwaka 2024 akawa waziri mkuu.

Lakini urefu ndio jambo dogo zaidi katika kesi hii. Kuhusu wanyama, kampuni ilijitetea hivi: mbinu za ufugaji zinazolalamikiwa ni za kawaida kabisa katika biashara, tena zinakubalika katika kanuni za serikali, basi mtu atazitaje ukatili? Jaji Rodger Bell hakukubali. Kwake yeye, jambo kuwa la kawaida au kuwa halali hakulitoi kwenye ukatili. Ni lazima litazamwe lenyewe. Akalitazama. Akapitia maisha ya kuku wa mayai waliobanwa kwenye vizimba, kuku wa nyama waliosongamana siku zao za mwisho, nguruwe jike waliofungiwa mahali wasipoweza hata kugeuka, na kuku waliochinjwa fahamu zikiwa bado hazijawatoka. Akahitimisha kuwa kampuni inastahili kulaumiwa kwa ukatili katika kuwafuga na kuwachinja baadhi ya wanyama ambao nyama na mayai yao iliyauza.

Katika shutuma nyingine kadhaa Steel na Morris walishindwa. Waliamriwa kulipa pauni 60,000, rufani ikazipunguza hadi 40,000, na hawakulipa. Februari 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg iliamua kwamba ni Uingereza iliyowakosea wawili hao: iliwanyima usawa mahakamani na uhuru wa kusema.

Ya kwanza

Sheria ya kwanza ya Bunge la Uingereza ya kuwakinga mifugo dhidi ya ukatili ilipata idhini ya mfalme tarehe 22 Julai 1822. Aliyeipigania ni Richard Martin, mbunge wa Galway kule Ireland, bwana mwenye mashamba makubwa na sifa ya kupenda kupigana kwa bastola na yeyote aliyemtukana. Kwa binadamu wenzake hakuwa mpole hata kidogo, lakini kwa farasi na punda moyo wake ulilainika, na Mfalme George IV akampa jina la utani kwa ajili ya huruma hiyo. Sheria yake iliwataja farasi, nyumbu, punda, ng'ombe na kondoo. Mkosaji alitozwa faini kuanzia shilingi 10 hadi pauni 5, na asiyelipa alifungwa hadi miezi mitatu.

Polisi wa London walikuwa bado hawajaanzishwa. Hao walikuja mwaka 1829. Basi Martin aligeuka mwenyewe kuwa askari na mwendesha mashtaka, akizunguka mitaani na kwenye soko la mifugo la Smithfield akiwakamata watu. Kesi maarufu kuliko zote za miaka hiyo ni ya mchuuzi wa mitaani, Bill Burns, aliyempiga punda wake. Martin alimleta punda mwenyewe mbele ya hakimu ili majeraha yaonekane, na mchoro wa mwaka 1838 unaonyesha chumba cha mahakama kimejaa watu huku punda akiwa katikati kama shahidi. Watu wa Lamu watashangaa kidogo kusikia kwamba huruma hiyo ya Waingereza kwa punda ilikuja kufika hadi kwao: shirika la Kiingereza la The Donkey Sanctuary lilifungua kituo chake cha punda katika mji huo mwaka 1987.

Miaka mitano tu baada ya sheria kupita, mwaka 1827, mahakama ilitoboa tundu la kwanza. Kesi ilihusu fahali. Majaji waliisoma orodha ya wanyama, wakaona ng'ombe jike yumo, mtamba yumo, maksai yumo, fahali hayumo. Basi fahali halindwi. Uamuzi huo uliufurahisha umati uliokuwa ukilipia kutazama fahali akishambuliwa na mbwa, na ndiyo kisa Bunge likalazimika kutunga sheria nyingine mwaka 1835, safari hii likimtaja fahali waziwazi pamoja na mbwa, na kupiga marufuku mapigano ya majogoo na maonyesho ya dubu kushambuliwa na mbwa.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya rekodi hulipita bila kuliona. Ukizipanga kesi za wanyama za Uingereza kwa mfululizo wa miaka, zilizobadilisha mambo kuliko zote ni zile ambazo mtetezi wa wanyama alishindwa. Akishinda, mshtakiwa mmoja analipa faini. Akishindwa kwa namna ya kuaibisha, Bunge linaona haya na kutunga sheria. Hata chama chenyewe cha kutetea wanyama kilianza kwa kuangukia pua. RSPCA ilianzishwa mwaka 1824 katika mkahawa mmoja wa London, nayo ni jumuiya kongwe kuliko zote duniani ya kutetea wanyama. Miaka miwili haikupita sawasawa, na katibu wake wa kwanza, mchungaji Arthur Broome, akatupwa jela. Kosa lake lilikuwa madeni ya chama.

Zilizoanguka kwa kishindo

Agosti 1874 madaktari wa Uingereza walikutana mjini Norwich. Mfaransa Eugène Magnan akawaonyesha, kwa vitendo, jinsi kileo cha absinthe kinavyoathiri mwili: aliwadunga mbwa. Baadhi ya madaktari waliokuwa ukumbini walichukizwa na kupinga papo hapo. RSPCA ilifungua mashtaka, lakini Magnan alikwisharudi kwao Ufaransa, na madaktari wa Norwich waliomwalika wakaachiwa kwa kuwa haikuthibitika kwamba walishiriki. Kesi ikafa. Miaka miwili baadaye, 1876, Uingereza ikawa nchi ya kwanza duniani kuwa na sheria ya kudhibiti majaribio ya kisayansi kwa wanyama hai.

Sheria hiyo nayo ilipojaribiwa ilikwaa kisiki. Novemba 1881 David Ferrier, mmoja wa wanasayansi mashuhuri wa ubongo, alifikishwa mahakama ya Bow Street kwa kosa la kumfanyia nyani upasuaji bila leseni. Ilibainika kwamba aliyeshika kisu alikuwa mwenzake, Gerald Yeo, na mwenzake huyo leseni alikuwa nayo. Kesi ikafutwa.

Halafu kuna kesi ya watawa. Peter Roberts alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa Hampshire, aliyeuchoka ufugaji wa viwandani na mwaka 1967 akaanzisha shirika la Compassion in World Farming. Katikati ya miaka ya 1980 aliushtaki utawa wa Storrington, kusini mwa Uingereza, kwa sababu ya shamba lake la ndama, ambamo kila ndama aliishi peke yake ndani ya sanduku la mbao jembamba hadi siku ya kuchinjwa. Alishindwa mbele ya mahakimu. Akakata rufani, akashindwa tena. Ila picha ya watawa na ndama waliofungiwa ilikwishaingia vichwani mwa watu, na ilipofika 1990 masanduku hayo yalikuwa yamepigwa marufuku Uingereza. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2007.

Mnyama mkubwa kuliko wote

Nyangumi. Hakuna mashindano hapo.

Alikwama ufukweni maji yalipokupwa, na mtu mmoja akaanza kumkata akiwa hai. Kesi iliamuliwa mwaka 1912. Sheria ya wakati huo ilimlinda mnyama wa kufugwa, na mnyama wa porini aliyeshikwa na kuwekwa chini ya mikono ya binadamu. Nyangumi wa watu hakuwa hili wala lile. Mahakama ikasema kushindwa kuondoka kwa muda hakumfanyi mnyama kuwa mateka, na mshtakiwa akaenda zake.

Kabla yake kulikuwa na msururu wa maamuzi ambayo mtu akiyasoma mfululizo hawezi kujizuia kucheka, ingawa hayachekeshi. Mwaka 1883 majaji walikubali kwamba ndege wadogo waimbaji waliofunzwa kuwavuta wenzao mtegoni ni wanyama wa kufugwa, basi wanalindwa. Mwaka 1893 sungura wa porini waliokamatwa na kuhifadhiwa ili wakimbizwe na mbwa wakaambiwa si wa kufugwa. Mwaka 1894 ikafika zamu ya simba wa maonyesho, walioishi ndani ya kizimba na kula kwa mkono wa mwenyewe. Nao si wa kufugwa. Kwa hiyo ndege wa kutegea ndege alikuwa na haki mahakamani, simba wa kizimbani hakuwa nayo. Bunge liliziba tundu hilo mwaka 1900.

Likabaki tundu la mnyama aliye huru. Mwaka 1964 lilipitia humo shauri la kulungu dume mwenye pembe aliyewindwa hadi akaishiwa nguvu, akaburutwa kutoka chini ya gari na kuuawa; mahakama ilisema hakuwa amekuwa mateka. Mwaka 1986 likapitia shauri la kalunguyeye aliyepigwa hadi kufa. Kalunguyeye ni mnyama ambaye akiona hatari kwa kawaida hakimbii wala haumi, hujikunja tu akawa mpira wa miiba, na huko kujikunja hakukuhesabiwa kuwa ni kukamatwa. Ilichukua miaka kumi mingine hadi sheria ya 1996 ya kuwalinda mamalia wa porini, yenye orodha ndefu ya vitenzi vya kutisha: kupiga mateke, kuchoma kisu, kuunguza, kupiga mawe, kuponda, kuzamisha majini, kuburuta. Mtu akiisoma orodha hiyo polepole anaweza kukisia ni kesi gani zilizoanguka kabla yake.

Inayonukuliwa kuliko zote

Ford dhidi ya Wiley, 1889. Mfugaji wa Norfolk aliwakata maksai wake pembe kwa msumeno, hadi kwenye shina, bila dawa ya ganzi. Sababu zake zilikuwa za kibiashara: maksai wasio na pembe wanasongamana vizuri zaidi zizini, hawaumizani, na sokoni bei inapanda kidogo. Mahakama za Ireland na za Uskoti zilikwishakubali kitendo hichohicho miaka michache tu nyuma. Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Coleridge, akishirikiana na Jaji Hawkins, alikataa kuzifuata.

Hoja yao haina mapambo. Maumivu hayawi ya lazima kwa sababu tu yana faida. Kwanza lengo liwe halali na lenye uzito. Pili maumivu yalingane na lengo hilo. Tatu kusiwe na njia nyingine nyepesi ya kulifikia. Pauni moja au mbili za ziada sokoni hazilingani na msumeno kupita kwenye mfupa wenye uhai. Ukiifungua Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika Uingereza na Wales mpaka leo, utakuta vipimo hivyo vimeandikwa karibu vilevile katika kifungu cha nne. Miaka 117 ni umri mrefu kwa hoja iliyozaliwa na pembe za maksai.

Maneno ya sheria nyingine ya Kiingereza, ile ya kulinda wanyama ya 1911, yalisafiri mbali zaidi. Msomaji wa Kenya akichukua Sura ya 360 ya sheria za nchi yake, inayozuia ukatili kwa wanyama, ataona makosa ya kupiga, kupiga mateke, kumtwisha mzigo kupita kiasi na kumtia mnyama hofu yakifuatana kama yalivyofuatana London.

Iliyozua vurugu kuliko zote

Lord Coleridge alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Stephen, mwanasheria pia, na katibu wa chama kilichopinga upasuaji wa wanyama hai. Mei 1903 Stephen alisimama mbele ya maelfu ya watu ukumbini London na kusimulia yaliyotokea Februari mwaka huo katika chuo cha University College. Mbwa mdogo wa rangi ya kahawia alipasuliwa mbele ya wanafunzi wapatao 60. Kwa mujibu wa wanawake wawili wa Kiswidi waliokuwa wamejiandikisha kama wanafunzi ili wajionee, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, mbwa huyo hakuwa amelazwa sawasawa na dawa, tena alikuwa na kovu bichi la upasuaji wa awali, jambo lililokatazwa na sheria ya 1876.

Aliyempasua, Profesa William Bayliss, alifungua kesi ya kashfa. Novemba 1903 wananchi 12 wa juri walisikiliza kwa siku kadhaa, wakaingia faragha, na kutoka baada ya dakika 25 tu. Bayliss ameshinda. Stephen Coleridge aliamriwa kulipa pauni 2,000 za fidia na 3,000 za gharama, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Gazeti la Daily News likaitisha mchango, na ndani ya miezi minne wasomaji wakatoa zaidi ya pauni 5,700. Sielewi vizuri ni nani hasa aliyeshinda hapo.

Kisha ikaja sanamu. Mwaka 1906, katika mtaa wa Battersea, walisimamisha sanamu ya mbwa juu ya bomba la maji ya kunywa, na maandishi yaliyowatuhumu wanasayansi kwa mauaji. Wanafunzi wa udaktari hawakuvumilia. Tarehe 10 Desemba 1907 wapatao elfu moja waliandamana katikati ya London na kupambana na polisi. Upande wa pili wakasimama wafanyakazi wa Battersea, wanachama wa vyama vya wafanyakazi na wanawake waliokuwa wakidai kura, mseto ambao hakuna mwanasiasa angeweza kuupanga. Halmashauri ilichoka kuilinda sanamu. Usiku wa Machi 1910 ikaondolewa chini ya ulinzi wa polisi 120. Nyingine mpya ilisimamishwa mwaka 1985.

Kijana aliyemmalizia mbwa huyo kwa kisu baada ya onyesho, Henry Dale, alikuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1936.

Lind af Hageby naye aliweka rekodi yake mwaka 1913. Aliishtaki Pall Mall Gazette kwa kumwita mwongo, na kwa kuwa wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuwa mawakili, alijisimamia mwenyewe. Hotuba yake ya kufungua kesi ilichukua saa tisa na nusu. Akatoa ushahidi kwa saa tisa, akahojiwa kwa saa nane na nusu, akafunga kwa hotuba ya saa tatu na nusu. Alishindwa, lakini magazeti yaliandika juu ya ufasaha wake kuliko yalivyoandika juu ya hukumu.

Majaji wengi, bili kubwa

Rufani za Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya mwisho hadi 2009, kwa kawaida zilisikilizwa na majaji watano. Kesi ya Jackson dhidi ya Mwanasheria Mkuu, mwaka 2005, ilikaliwa na tisa. Chanzo kilikuwa mbweha. Sheria ya 2004 iliyopiga marufuku kumwinda kwa kundi la mbwa ilipitishwa na Baraza la Makabwela bila ridhaa ya Malodi, na wapenzi wa uwindaji wakadai kwamba utaratibu huo wa kuwaruka Malodi haukuwa halali tangu ulipofanyiwa marekebisho mwaka 1949. Majaji wote tisa waliwakatalia. Hukumu hiyo inasomwa na kila mwanafunzi wa sheria ya katiba Uingereza, na mbweha mwenyewe ni kama hayumo.

Sheria ikabaki, ila kuitumia ni ghali. Desemba 2012 iliamuliwa kesi ambayo RSPCA iliishtaki klabu ya uwindaji ya Heythrop, ambayo David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, aliwahi kuwinda nayo. Klabu na viongozi wake wawili walikiri makosa, na klabu ikatozwa faini ya pauni 4,000. RSPCA ilikuwa imetumia pauni 326,000 za michango ya watu. Hakimu alishangaa waziwazi, magazeti yakashangaa zaidi, na hoja ya kama shirika la hisani linafaa kuwa mwendesha mashtaka haijapoa tangu siku ile.

Kwa farasi, kesi kubwa ni ya shamba la Spindle karibu na Amersham. Januari 2008 wakaguzi walikuta humo mizoga zaidi ya 30 ikiwa imelala kati ya wanyama walio hai, na wakaondoa farasi, poni na punda zaidi ya 100 waliodhoofu. Mfanyabiashara mwenye shamba alikata rufani, na rufani ikampandishia kifungo hadi wiki 26, kikomo cha sheria wakati huo, juu ya gharama za pauni 400,000. Nusu mwaka kwa mizoga 30. Kikomo hicho kilipanda kuwa miaka mitano tarehe 29 Juni 2021.

Paka

Agosti 2010 kamera ya nyumba moja huko Coventry ilimnasa mwanamke akimpapasa paka barabarani, kisha akamshika shingoni na kumtumbukiza kwenye pipa la taka. Paka alikaa humo saa 15. Faini: pauni 250. Februari 2022 ikasambaa video ya beki wa West Ham, Kurt Zouma, akimpiga paka wake teke jikoni, na hata katika vibanda vya kuonyeshea mpira vya Dar es Salaam na Mombasa jina lake halikutajwa tena bila mlio wa paka. Juni mahakama ilimpa saa 180 za kazi za kijamii na kumzuia kufuga paka kwa miaka mitano. Klabu yake ilikuwa imemkata pauni 250,000, mara elfu moja ya faini ya Coventry, ingawa hiyo haikutoka kwa hakimu.

Mdogo kuliko wote, na walio wengi kuliko wote

Mwaka 2010, katika mji wa Sale karibu na Manchester, halmashauri ya Trafford ilimtuma mvulana wa miaka 14 kwenye duka la wanyama akanunue samaki wa dhahabu. Sheria ya 2006 inakataza kumuuzia mnyama mtoto aliye chini ya miaka 16. Mwenye duka, bibi wa miaka 66, akamuuzia. Dukani humo alipatikana pia kasuku mdogo mgonjwa asiyetibiwa, jambo ambalo binafsi naliona zito kuliko lile la samaki, lakini magazeti yalimshika samaki. Bibi alitozwa pauni 1,000 na kufungwa kifaa cha kielektroniki mguuni, asitoke nyumbani usiku kwa wiki saba.

Upande wa pili wa mizani kuna kuku. Uingereza huchinja kuku wa nyama zaidi ya bilioni moja kila mwaka, na wengi ni wa mbegu iliyoteuliwa ili ikue upesi kiasi kwamba kifaranga anafika uzito wa kuchinjwa ndani ya wiki tano hivi. Miguu na moyo mara nyingi haviwezi kuufuata mwili. Kanuni za ufugaji zinasema mnyama asifugwe isipokuwa inatarajiwa, kwa kuzingatia maumbile aliyorithi, kwamba anaweza kufugwa bila madhara kwa afya au ustawi wake. Shirika la The Humane League likaipeleka serikali mahakamani likisema kwamba kuiachia mbegu hiyo ni kuivunja kanuni hiyo. Sijui kesi nyingine ya wanyama yenye wahusika wengi kiasi hicho.

Lilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2023. Desemba 2024 likashindwa Mahakama ya Rufani, kwa kuwa majaji hawakuona sera ya serikali iliyo kinyume cha sheria. Lakini waliichambua kanuni yenyewe, na maelezo yao yameacha mlango wazi: mfugaji anayefuga ndege ambaye maumbile yake yenyewe yanamdhuru anaweza kuwa anatenda kosa. Kumshtaki ni kazi ya halmashauri za serikali za mitaa, aina ileile ya ofisi iliyopata nafasi ya kumtuma mtoto dukani kununua samaki mmoja.